Visa ya Bulaya huanzia Kiringye

Hapa kwetu Kiringye, mtu akipata barua ya shule ya Liège au mume wa Bruxelles, jioni hiyo hiyo kijiji kizima kinasema "amepata Bulaya", yaani Ulaya. Hajapata. Mbele yake kuna visa D, ile ya kukaa zaidi ya siku 90, na visa hiyo inataka makaratasi kuliko maombi ya mama. Nimewasindikiza ndugu wawili kwenye njia hiyo: mmoja yuko kule, mwingine bado anangoja. Shika haya.

1. Hesabu majina yako. Sisi Wakongomani tunabeba matatu: nom, postnom na prénom, deni tuliloachiwa na Mobutu tangu 1972 alipofuta majina ya Kizungu. Fomu nyingi za Ulaya zina visanduku viwili tu. Fuata paspoti yako jinsi ilivyoandikwa, usibuni mpangilio wako. Halafu tandaza makaratasi yote juu ya mkeka, uyasome herufi kwa herufi. Mdogo wangu alizaliwa "Kiringye" kwenye cheti cha kuzaliwa, "Kiringe" kwenye karatasi ya shule, na "Kiringie" kwenye kadi ya kura. Wewe unaona kijiji kimoja. Anayesoma faili kule Bruxelles anaona watu watatu.

2. Kuzaliwa kwako kunahitaji korti. Sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Wazazi wetu wengi siku hizo walikuwa shambani au mbioni. Ikiwa hukuandikishwa, teremka Uvira utafute jugement supplétif, hukumu inayosema ulizaliwa lini na wapi. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanarudi nyumbani na hukumu peke yake, wanachinja kuku. Ongeza certificat de non-appel, inayothibitisha kwamba hakuna aliyekata rufani, kisha peleka zote mbili kwa ofisa wa état civil, ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa, akuandikie acte de naissance, cheti chenyewe cha kuzaliwa. Karatasi tatu. Na uzitafute leo, hata kama safari ni ya mwaka kesho, maana hukumu iliyotoka juma lile lile unaloomba visa inatia shaka. Kwa wanaofuata wazazi au watoto wao, shaka ikizidi Wabelgiji huleta habari ya kupima damu, ADN, nayo ina gharama yake.

3. Ng'ombe hawaingii kwenye faili. Dada, najua mahari yalitoka na wazee walikunywa. Ubalozi unataka acte de mariage, cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila iandikishwe état civil, na tarehe ifanane na ile ambayo mume wako ameitaja kule. Bwana akisema Julai na wewe ukasema Agosti, mtaulizwa kila mmoja kivyake.

4. Mwanafunzi, tazama kalenda kabla ya kutazama mizani ya mizigo. Diplôme d'État, cheti chetu cha kumaliza sekondari, haisomwi moja kwa moja Ubelgiji. Inaombewa équivalence, karatasi ya kuilinganisha na cheti cha kule, na upande wa wanaosema Kifaransa mwisho wa kupeleka ombi ni tarehe 15 Julai. Ukichelewa, umepoteza mwaka mzima. Anayekudhamini akiwa kule, atajaza annexe 32, ahadi ya kukulisha na kukulaza, na mshahara wake utachunguzwa kweli. Mjomba anayeishi kwa msaada wa serikali hawezi kuwa mdhamini hata akikupenda namna gani. Kama ni Québec, anza na CAQ, kibali cha jimbo lenyewe, ndipo uombe kibali cha masomo cha Kanada.

5. Pesa isizaliwe juzi. Akaunti iliyolala miezi sita halafu ikaamka na dola elfu kadhaa inaeleza kila kitu bila wewe kufungua kinywa. Kama umeuza shamba la mpunga, weka karatasi ya mauzo.

6. Komisioneri, yaani dalali, anayesema "niko na mtu ndani ya ubalozi" hana mtu. Mwache aende.

7. Piga hesabu ya Kinshasa. Barabara ya kukufikisha huko haipo, na hati za Kongo huhalalishwa kwanza kwenye wizara ya mambo ya nje, huko huko Kinshasa. Tuma makaratasi mapema kwa ndugu unayemwamini, wewe ufuate siku ya miadi. Najua unachofikiri: Bujumbura ni karibu, unavuka tu mpaka wa Kavimvira na Gatumba, uko Burundi. Lakini ubalozi hupokea wanaoishi kihalali katika nchi ulipo, na kulala kwa shangazi majuma mawili si kuishi.

8. Congo ni mbili. Juni 2025 Marekani ilipotangaza nchi ambazo raia wake wamefungiwa kuingia kwake, simu zililia hapa usiku kucha. Iliyotajwa ilikuwa ile ya Brazzaville, si yetu ya Kinshasa. Kwenye kila fomu ya intaneti, soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza.

9. Ukifika, usilale. Ubelgiji inakupa siku 8 za kazi kujiandikisha kwenye commune yako, ofisi ya manispaa unapoishi. Ufaransa, mwenye visa aina ya VLS-TS, ile ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha kukaa, ana miezi mitatu kuithibitisha kwenye intaneti. Ndugu yangu alikwenda commune siku ya pili, na koti la kuazima lililomfika magotini. Polisi wa mtaa akaja nyumbani kuhakikisha kama kweli anaishi pale. Akakuta jina mlangoni limeandikwa kwa kalamu, yote matatu, kwa mpangilio wa paspoti.