Inzi Wadogo wa Uyoga

Nyuma ya mji wa Uvira milima imesimama kama ukuta. Ufuko wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini kule Itombwe vilele vingine vyapita mita 3,000. Huko juu kuna baridi na ukungu. Miti iliyoanguka huoza polepole, na juu ya magogo huota uyoga.

Mtu akipasua uyoga mzee, mara nyingi huona ndani funza weupe wenye vichwa vyeusi. Funza hao hukua, hulala kama waliokufa, kisha hutoka inzi wadogo wenye mabawa mawili. Ndio inzi wa uyoga.

Wengi huwadhani kuwa mbu. Sivyo. Mbu jike ana mdomo mrefu kama sindano, hunyonya damu, na mbu wengine huleta malaria. Inzi wa uyoga hamwumi mtu. Mgongo wake umepinda kama wa mzee aliyebeba mzigo, na miguu yake ni mirefu yenye miiba.

Inzi hao ni wa aina nyingi sana, nao hufanana kama punje za mtama. Mtaalamu hufanyaje ili awatambue? Kwanza humtia mdudu katika chupa ya alkoli. Huandika kikaratasi: mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Kisha humtazama kwa hadubini, kioo kinachokuza vitu vidogo. Hutazama mishipa ya mabawa na ncha ya tumbo la dume, kwa maana hapo kila aina ina umbo lake, kama kila kufuli na ufunguo wake.

Halafu husoma maelezo ya aina zote zilizokwisha kujulikana. Asipomwona humo, humweleza yeye na kumpa jina la maneno mawili, kama alivyofanya Linnaeus wa Uswidi katika kitabu chake cha mwaka 1758. Mdudu mmoja huwekwa katika jumba la makumbusho, awe shahidi wa jina lile.

Kikaratasi ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Mbelgiji G. F. de Witte alikusanya wanyama na wadudu katika Mbuga ya Albert, iitwayo sasa Virunga, toka 1933 hata 1935. Vitabu vya kuwaeleza viliendelea kutolewa mpaka miaka ya 1950. Bila vikaratasi, nani angalikumbuka kila mdudu alitoka wapi?

Je, kazi hii yafaa nini? Zamani mbu aitwaye Anopheles gambiae alihesabiwa kuwa aina moja. Katika miaka ya 1960 ikajulikana kuwa ni aina kadhaa zinazofanana mno. Wengine hupenda kuuma watu, wengine huuma ng'ombe zaidi. Anayepigana na malaria bila kuwatenganisha aweza kupoteza dawa na wakati, na watu wakazidi kuugua.

Basi mtoto akiona mdudu asiyemjua, asibahatishe jina. Amtazame vizuri, aandike mahali na siku.

Maswali
1. Funza wa inzi hawa huishi wapi?
2. Taja tofauti mbili kati ya mbu na inzi wa uyoga.
3. Kikaratasi huandikwa nini?
4. Kwa nini ni hatari kuchanganya aina za mbu?