Nguvu ya Wimbo, na Mpaka Wake

Somo la kusomwa nyumbani na katika makutano ya vijana

Katika Ugogo hakuna asiyejua kwamba ngoma humwamsha mtu. Wanawake wakipiga muheme, miguu ya aliyechoka huanza kucheza kabla hajakusudia. Tena mwenye huzuni akisikia zeze jioni, moyo wake hutulia. Basi yatupasa kuuliza maneno mawili: Nguvu hii yatoka wapi? Nayo yafika wapi? Maana asiyejua kipimo cha dawa huitumia vibaya.

1. Nguvu hii yatoka wapi?

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal katika nchi ya Kanada, walichunguza bongo za watu waliokuwa wakisikiliza muziki waupendao. Wakaona ya kuwa ubongo hutoa kitu kiitwacho dopamini, ambacho hutoka pia mwenye njaa apatapo chakula. Tena hakikutoka wakati wa utamu wenyewe tu, bali hata mtu alipokuwa bado akiungojea. Haya si mageni kwetu. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia. Na kule kuingojea zamu ya kuitikia ni furaha nusu.

Tena mapigo ya wimbo huupa mwili mwendo. Wanaolima pamoja wakiimba, majembe yao hushuka pamoja, wala hakuna anayehesabu matuta yaliyosalia. Wachunguzi wa michezo nao wameona kwamba mtu afanyaye kazi ya kadiri huku akisikia muziki huhisi uchovu kidogo kuliko asiyesikia. Lakini kazi ikizidi sana kuwa kali, mwili hushinda wimbo.

2. Mfano wa mtu wa kwetu

Hukwe Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doduma, mkoa wa Dodoma. Katika miaka ya 1960 Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye alikaa Bagamoyo hata alipofariki mwezi wa Desemba 2003. Alipiga ilimba na zeze, akaimba kwa Kigogo mbele ya watu wa Ulaya. Wengi wao hawakujua hata neno moja la lugha hiyo, walakini waliguswa. Hapo twajifunza kwamba sauti hufika moyoni kabla ya maneno. Kwa hiyo yafaa tuangalie ni sauti gani tunazozifungulia mlango kila siku, maana huingia bila kubisha hodi.

3. Nguvu hii yafika wapi?

Someni 1 Samweli 16:14–23, kisha 18:10–11. Sauli alipofadhaika, Daudi alimpigia kinubi, naye akapata nafuu. Lakini siku nyingine Daudi alikuwa akipiga vilevile, na Sauli akamtupia mkuki. Kinubi kilikuwa kilekile, na mpigaji yuleyule. Wivu ulikuwa umekaa moyoni mwa Sauli, na wimbo haukuuondoa. Muziki huweza kumpa mtu nafasi ya kupumua. Lililomsumbua bado linamngoja alitengeneze.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, katika huzuni, wimbo wa huzuni huweza kufariji, kwa kuwa mtu huona hayuko peke yake. Lakini anayejifungia ndani na kuurudia usiku kucha, akiyazungusha yaleyale moyoni, huenda akazama zaidi. Huyo na aitwe atoke, aimbe pamoja na wenziwe. Pili, katika kusoma, nyimbo zenye maneno hushindana na maneno ya kitabu. Mwanafunzi na asikilize kabla ya kusoma, ili moyo uamke, kisha anyamazishe. Tatu, katika kazi, wimbo humsaidia aliyekwisha kushika jembe. Anayelala kivulini akisikiliza hata mvua za kwanza zipite, atavuna nini? Wazee wa nchi hii waliikumbuka njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920. Nyimbo zilikuwako wakati ule pia, wala hazikujaza ghala.

Kwa hiyo tusiudharau wimbo, wala tusiutwike mzigo usio wake. Uwe rafiki wa kutusindikiza shambani. Kulima ni juu yetu.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni wimbo gani unaokutia nguvu asubuhi, na baada yake wafanya nini?
2. Sauli alihitaji nini zaidi ya kinubi?
3. Katika kijiji chako, ni nani aliye na huzuni na asiyekuwa na mtu wa kuimba naye? Mtamwendea lini?