Ngojeni Kabla ya Kufuta! Jinsi ya Kuamsha Tarakilishi kwa Sidii

Kuna neno moja linalowatia wengi kiwewe katika maabara ya tarakilishi: "imekufa." Mashine ikiwashwa na kiwambo kikabaki cheusi, basi utasikia, "Hiyo imekufa, futeni kila kitu muweke upya." Mimi nasema, ngojeni kwanza! Mara nyingi kilichoharibika ni mfumo endeshi tu, yaani ile programu kuu inayosimamia nyingine zote. Faili zenu huenda zingali mle ndani, salama salimini. Kwa hivyo tutaamsha, tuokoe, ndipo tuweke mfumo mpya. Mpangilio huo usigeuzwe.

Je, tarakilishi huamkaje? Ukibonyeza swichi, programu ndogo iliyo ndani ya chipu, iitwayo BIOS, hukagua memori na kibodi, kisha hutafuta mfumo endeshi mahali pamoja baada ya pengine. Zamani ilibidi kuanza na diski laini ya megabaiti 1.44, hata kama mfumo wenyewe uko kwenye sidii. Mwaka wa 1995 kampuni za IBM na Phoenix zilitoa kanuni iitwayo El Torito, iliyoiwezesha BIOS kuamka moja kwa moja kutoka kwa sidii.

Hatua ya kwanza: kuamsha. Tia sidii, zima mashine, kisha iwashe huku ukibonyeza F2, F12 au Delete, kutegemea aliyeiunda. Menyu ikitokea, weka sidii iwe ya kwanza kutafutwa, hifadhi, halafu toka.

Hatua ya pili: kuokoa. Hapa unahitaji sidii iliyo hai, inayoendesha mfumo mzima kutoka kwa memori bila kugusa diski kuu. Maarufu ni Knoppix, ambayo Mjerumani Klaus Knopper alianza kuitoa mwaka wa 2000. Muhula uliopita tarakilishi moja ya maabara yetu iligoma, na insha zote za jarida hili zilikuwa ndani yake. Wengine walitaka ifutwe papo hapo. Tuliiamsha kwa Knoppix, tukafungua diski kuu, tukanakili insha moja baada ya nyingine kwenye flashi. Kama si hivyo, wewe leo ungekuwa unasoma nini? Lakini kumbuka: ukihifadhi kitu kwenye memori pekee, umeme ukizimwa kimekwenda.

Hatua ya tatu: kuweka mfumo mpya. Tia sidii ya mfumo unaoutaka, uamshe mashine tena. Utaulizwa lugha, aina ya kibodi na saa za mahali ulipo; sisi huchagua Nairobi. Kisha litakuja swali zito: diski kuu igawanywe vipi? Hapa soma polepole, neno kwa neno. Ukikubali diski nzima ifutwe, maji yakimwagika hayazoleki. Ukishaamua, toa jina na nywila, halafu subiri kwa utulivu. Usizime umeme katikati, hata kengele ya chakula ikilia!

Hatua ya nne: toa sidii kabla ya mashine kuwaka tena. Ukiisahau utarudishwa mwanzoni, udhani kazi imeharibika. Wala haijaharibika, BIOS inatii tu zamu uliyoipanga wewe mwenyewe.

Siku hizi tarakilishi nyingi mpya hazina hata mahali pa kutia sidii, na mifumo mingi imenenepa kupita megabaiti 700 ambazo sidii hubeba. Hapana kuhofu. Tumia flashi, na hatua ni zile zile: amsha, okoa, weka.

Basi atakayekwambia "futa", muulize kwanza, "Umeangalia ndani?" Haraka haraka haina baraka. Kalamu yangu naitua hapa.