Kidonda cha Mguu, Bandeji na Udhu



Shangazi yangu anauza mitumba Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Husimama tangu asubuhi hadi karibu na Maghrib. Kwa miaka miwili alikuwa na kidonda upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Alimeza vidonge vya dukani, akapaka asali, na majirani wakamwambia amekanyaga uchawi. Kidonda hakikufunga.

Uchawi haukuwapo. Moyo husukuma damu hadi miguuni, lakini kuipandisha tena ni kazi ya misuli ya shavu la mguu. Ndani ya vena kuna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama. Mguu huvimba jioni, ngozi huwa nyeusi na kuwasha, kisha mkwaruzo mdogo hugeuka donda ndugu. Vidonge vya kuua vijidudu haviwezi kuipandisha damu hiyo.

Tiba kuu ni bandeji ya kubana, kutoka karibu na vidole hadi chini ya goti, ambayo huweza kukaa hadi wiki nzima. Usijifunge mwenyewe. Kwanza mtaalamu apime damu inayoshuka mguuni, kwa kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Mishipa hiyo ikiwa imeziba, kubana kunaweza kuuharibu mguu. Tena kisukari na selimundu nazo huleta vidonda, na matibabu yake ni tofauti. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2013 unataka kidonda cha chini ya goti kisichopona ndani ya wiki 2 kipelekwe kwa wataalamu wa mishipa. Shangazi alingoja miaka 2.

Hatimaye alifungwa bandeji Tororo. Akawa anaifungua kila anapotawadha, mara tano kwa siku, na faida yote ikapotea. Hakuna aliyemwambia kwamba fiqhi ina jibu. Katika madhehebu ya Shafi, ataosha sehemu nzima, atapaka maji juu ya bandeji kwa mkono uliolowa, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa, akirudia tayamamu kwa kila swala ya faradhi. Bora afungwe akiwa na udhu, asije akalazimika kulipa swala.

Abu Dawud amepokea kisa cha msafiri aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kuacha kuoga; akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwa kutouliza wasilolijua.

Nasi tuulize pande zote mbili. Ukienda nyumbani likizo hii, tazama miguu ya wazee wako. Ukiona kidonda, wapeleke hospitali waombe rufaa, Mbale au Mulago, na walio ng'ambo ya Kenya, Eldoret. Kisha wafundishe udhu wa mwenye bandeji. Shangazi sasa haifungui, na alhamdulillahi, kidonda kinapungua.