SOMO: Adui Yetu, Tumchukie ao Tumpende?

Masomo: Kutoka 23:4-5, Zaburi 139:19-24, Matayo 5:43-45, Waroma 12:19-21



Hapa Mikelenge kuna waumini wanaotuletea karatasi ya maombi yenye jina la jirani, wakiomba Zaburi 109 isomwe juu yake. Wanasema: Daudi aliwalaani adui zake, kwa nini sisi tusifanye vile? Wengine wanawajibu kwamba hayo ni ya Agano la Kale, Yesu ameyafuta. Sisi tunaona majibu yote mawili ni mepesi mno.

Sheria ya Musa inaagiza kwamba ukikuta ng'ombe ao punda wa adui yako amepotea, umrudishie. Hilo ni Agano la Kale! Tena, fungueni Walawi 19:18, mtaona amri ya kumpenda jirani tu. La kumchukia adui halimo. Watu waliliongeza wenyewe, ndiyo maana Yesu aliwasahihisha.

Lakini Zaburi 139 ipo, na mwimbaji anasema wazi kwamba anawachukia wanaomchukia Mungu. Hatuwezi kuupasua ukurasa huo. Ila msiishie hapo: katika mstari wa 23 anamwomba Mungu auchunguze moyo wake yeye mwenyewe. Na Daudi, Sauli alipokuwa mkononi mwake ndani ya pango (1 Samweli 24), alikata upindo wa vazi tu. Hasira aliipeleka kwa Mungu. Kisu hakukipeleka kwa Sauli.

Sisi watu wa Kindu tunajua hatari ya kumwita mtu adui upesi. Novemba 1961, Waitalia 13 wa ndege za ONU waliuawa katika mji huu. Walikuwa wameleta mahitaji ya maaskari wa ONU kutoka Malaya, wakadhaniwa kuwa mamluki. Na katika vita ya 1998 hadi 2003, mama aliyekwenda shambani aliweza kuhesabiwa adui na maaskari wa mjini, kisha na Mai-Mai wa porini, siku ile ile moja. Jembe tu mkononi!

Aliyeibiwa ao kupigwa kweli, hatumwambii anyamaze. Alie, ataje uovu ule mbele za Mungu, apeleke kesi yake kwa wenye kuhukumu. Lakini jirani anayedhaniwa tu kuwa mchawi, Zaburi 109 hatutaisoma juu yake. Jina lake tutaliombea, pamoja na jina la yule aliyelileta.