Piga Jani la Chini: Mafunzo Niliyopata Nikiifundisha Kompyuta Kuutambua Muhogo Mgonjwa

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta itazame jani la muhogo na kusema linaumwa nini. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda ofisini nikiandika hesabu. Hesabu zipo, lakini nyingi zilishaandikwa na wengine, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Kazi ngumu iko mashambani, Mkuranga na Kibaha, juani, simu mkononi.

1. Ukitajiwa asilimia, omba kwanza uone picha.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha zaidi ya 54,000 za mradi wa PlantVillage ilitambua magonjwa ya mimea kwa usahihi wa asilimia 99. Tulishangilia. Wachache tulisoma hadi pale waandishi wenyewe walipoeleza, bila kuficha, kwamba walipoipa picha zilizopigwa katika mazingira mengine ilishuka hadi asilimia 31 hivi. Majani ya picha za kufundishia yalikuwa yamechumwa na kulazwa moja moja juu ya kitu cha rangi moja. Mwaka 2022 ukatoka uchunguzi mwingine ambao mpaka leo hunichekesha: kompyuta ilifundishwa kwa pikseli 8 tu za pembezoni mwa picha hizohizo, pasipokuwa na jani lolote, na bado ikapatia karibu nusu ya majibu. Ni kama mwanafunzi anayejua jibu kwa kutazama rangi ya karatasi ya mtihani.

2. Jua jani gani la kupiga picha.

Ugonjwa wa batobato huonekana kileleni, kwenye majani machanga: mabaka ya njano na kijani, jani limejikunja. Ugonjwa wa michirizi kahawia hukaa chini, kwenye majani yaliyokomaa, na njano yake huanzia kandokando ya mishipa. Sasa, mpiga picha asiyeelekezwa husimama wima na kupiga kilicho usawa wa macho yake. Atakuletea maelfu ya picha za batobato, na za michirizi kiduchu. Hata akiinama, majani ya chini hugeuka njano yenyewe kwa uzee, kwa hiyo inabidi afundishwe kutofautisha mzee na mgonjwa kabla kompyuta haijafundishwa.

Halafu kuna kisamvu. Shamba likiwa karibu na nyumba, majani machanga hupita jikoni kabla mtafiti hajafika. Unakuta kilele kimechumwa kikabaki kitupu, na dalili ulizozifuata zimeshatwangwa kinuni. Sijaona kitabu cha akili mnemba kinachozungumzia tatizo hili.

3. Jani halisemi yote.

Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu na mtafiti Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Ubaya wake ni kwamba mmea unaweza kusimama kijani kibichi, ukiuchimba mzizi umeoza ndani. Mama mmoja alitutazama tukifurahia simu iliyoandika kwamba muhogo wake ni mzima. Akaniambia, "Mwanangu, mbegu hii naijua. Ng'oa hapo." Tukang'oa. Alikata mzizi kwa panga, vipande vyembamba kama vya kukaanga, na ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, yaliyovunjika yenyewe alipoyagusa kwa ukucha.

Tangu siku hiyo kila picha yetu huandikiwa aina ya mbegu na, mwenye shamba akiridhia, hali ya mzizi. Mche uking'olewa tunaulipia.

4. Wataalamu wakibishana, ubishi wao uhifadhi.

Dalili zikiwa kali, wote husema kitu kimoja. Zikiwa changa, mmoja husema michirizi, mwenzake husema ni wadudu wa utitiri. Wengi huzitupa picha za namna hiyo ili data iwe safi. Mimi siafiki: mkulima hutoa simu mfukoni ugonjwa ukiwa bado na utata, na picha zenye utata ndizo atakazopiga.

5. Wingi wa picha hudanganya.

Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu wa mazao wa kituo cha utafiti cha Namulonge walitoa hazina ya picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini zaidi ya 13,000 kati ya hizo ni za batobato. Programu ambayo haijajifunza lolote, ikijibu "batobato" kila ikiulizwa, itapatia zaidi ya asilimia 60! Ndiyo maana siku hizi mwanafunzi akiniletea wastani wa usahihi, namrudisha akalete matokeo ya kila ugonjwa peke yake.

6. Jani moja halitoshi.

Nuru, programu ya simu inayofanya kazi bila intaneti na inayojua Kiswahili, ilipimwa shambani. Kwa jani moja ilipatia asilimia 65. Mabwana na mabibi shamba walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Takwimu hiyo ya wakulima hupendwa sana kwenye semina, nami huwa nakumbusha kwamba waliulizwa kuhusu dalili, ilhali yule mama alihukumu kwa mbegu na historia ya shamba lake. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: mmea mmoja ulipokaguliwa majani sita badala ya moja, Nuru ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kilichoongezeka ni majani matano tu. Kwenye timu yangu nimeongeza sharti: matatu kati ya sita yatoke chini ya kiuno cha mpiga picha, na kioo cha kamera kifutwe kwanza, hata kwa pindo la kanga.