Dondoo muhimu: Sauti ya sinema sebuleni
Namba 5.1 kwenye boksi la spika ina maana ya spika tano na sabufa moja; 5.1.2 huongeza spika mbili za sauti ya juu ya kichwa, kwa ajili ya mfumo wa sauti wa Dolby Atmos. Bajeti ikibana, gharamia kwanza spika ya katikati, maana ndiyo inayobeba maneno ya waigizaji; ielekeze masikioni mwako. Spika za pembeni zikae ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo. Wengi huzibananisha na runinga, na hapo sauti ya kuzunguka hupotea kabisa.

Kwa upande wa nyaya, tundu la runinga lililoandikwa OPTICAL hupitisha 5.1 lakini si Atmos. Tumia HDMI ARC au eARC, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga: badala ya PCM, chagua Bitstream.